Taa Nane Dirishani



Katika kikundi chetu cha Jumatano tumekuwa tukisoma Injili ya Yohana polepole, sura kwa sura, na tulipofika sura ya 10 aya ya 22, mama mmoja aliuliza: hii Sikukuu ya Kutabaruku ni sikukuu gani? Pasaka tunaijua, Pentekoste tunaijua, hata ile ya Vibanda tumeisikia. Lakini hii inatajwa pale mara moja tu. Tunaambiwa kwamba ilikuwa wakati wa baridi na Bwana Yesu alikuwa akitembea Hekaluni katika ukumbi wa Sulemani, basi, habari zinaendelea mbele.

Jibu fupi ni kwamba hiyo ndiyo Hanuka, na Wayahudi wanaiadhimisha hadi leo. Neno lenyewe kwa Kiebrania maana yake ni kutabaruku, yaani kuweka wakfu. Huanza tarehe 25 ya mwezi wao wa Kisleu, ambayo kwa kalenda yetu huangukia mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba, na huendelea siku nane. Jibu refu ndilo ninalotaka kuwaandikia mwezi huu, kwa sababu kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba ijapokuwa ilianzia Hekaluni, sikukuu hii imeishi nyumbani, na mama yumo ndani yake toka mwanzo.

Habari zenyewe zimo katika vitabu viwili vya Wamakabayo. Wenye Biblia ya Kikatoliki watavikuta humo. Biblia nyingi za Kiprotestanti hazina, na ajabu ni kwamba Wayahudi wenyewe, ambao habari ni zao, hawavihesabu kati ya Maandiko yao Matakatifu. Mwaka 167 kabla ya Kristo, mfalme Antioko Epifane aliyetawala kutoka Shamu aliwakataza Wayahudi wa Yudea kuishika dini yao. Sabato ilipigwa marufuku, vitabu vya Torati vilichomwa moto, na Hekalu la Yerusalemu likageuzwa kuwa la Zeu, mungu mkuu wa Wayunani. Kutahiri mtoto wa kiume siku ya nane kulikuwa kosa la kuuawa. Kitabu cha kwanza kinaeleza kwamba akina mama waliowatahirisha watoto wao waliuawa, na vichanga vyao vikatundikwa shingoni mwao. Mimi nimefanya kazi miaka mingi katika wodi ya wazazi. Kwa mtu aliyezoea kupokea mtoto mchanga mikononi, aya hizo hazisomeki haraka.

Kitabu cha pili, sura ya 7, kina mama mwingine, aliyeona wanawe saba wakiuawa siku moja kwa kukataa kula nyama ya nguruwe, naye akiwatia moyo mmoja mmoja kwa lugha ya kwao, kisha akafa mwenyewe baada yao. Kitabu hakimtaji jina. Wayahudi wa baadaye walimwita Hana, nadhani kwa sababu hawakuweza kuvumilia kumwacha mwanamke wa namna hiyo bila jina.

Vita sitavieleza kwa urefu. Kuhani mzee aitwaye Matathia wa mji wa Modeini aliinuka pamoja na wanawe watano, wakakimbilia milimani, na baada ya kufa kwake mwanawe Yuda, aliyepewa jina la Makabayo, akaongoza mapigano mpaka wakaitwaa Yerusalemu. Mwaka 164 kabla ya Kristo, tarehe 25 Kisleu, walilitabaruku Hekalu upya, wakajenga madhabahu mpya, wakawasha taa, wakashangilia siku nane. Jambo moja tu lisipite bila kusemwa. Mtu wa kwanza kuuawa na Matathia hakuwa askari wa mfalme, alikuwa Myahudi mwenzake aliyekuja kutoa sadaka kwa miungu kama mfalme alivyoamuru. Vilikuwa pia vita vya ndugu kwa ndugu. Na wazao wa hao mashujaa walikuja kuwa wafalme, wakagombana wao kwa wao, hata mwaka 63 kabla ya Kristo ndugu wawili wakishindania kiti wakamfungulia mlango Pompei wa Roma, na uhuru ukaisha.

Wengi wetu tumewahi kusikia habari ya chupa ya mafuta. Cha kushangaza ni kwamba haimo kabisa katika vitabu vya Wamakabayo. Kitabu cha pili kinasema siku zilikuwa nane kwa sababu watu wale hawakuweza kuadhimisha Vibanda kwa wakati wake, walikuwa wakijificha mapangoni kama wanyama wa porini, basi wakaiadhimisha kwa kuchelewa. Habari ya mafuta tunaikuta katika Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi uliokamilishwa karne nyingi baadaye. Humo wanasema kwamba waliporudi Hekaluni walikuta mafuta yote yametiwa unajisi, isipokuwa chupa moja ndogo iliyokuwa na muhuri wa kuhani mkuu, yenye mafuta ya siku moja tu. Wakawasha. Taa ikawaka siku nane.

Sasa fikirini mambo mawili hayo pamoja. Marabi walioandika Talmudi walijua mwisho wa ule utawala wa kifalme. Walikuwa wamekwisha kuona Hekalu lenyewe likiteketezwa na Warumi mwaka 70, na taifa kutawanywa. Walipoulizwa Hanuka ni nini, hawakuanza na upanga, walianza na taa. Na Sabato inayoangukia ndani ya sikukuu, somo la manabii waliloliweka sinagogini linatoka Zekaria, likiishia pale nabii anapoonyeshwa kinara cha taa na kuambiwa kwamba kazi haitafanyika kwa jeshi wala kwa nguvu ila kwa Roho wa Mungu. Sikukuu ya ushindi wa vita, na somo lake ni hilo! Sisemi kwamba vita vimesahauliwa. Katika sala ya kushukuru wanayoiongeza siku hizo nane, ushindi wa wachache juu ya wengi unatajwa waziwazi, na mafuta hayatajwi. Lakini macho ya watu yako kwenye taa.

Ibada ya sinagogini ina uzuri wake. Kila asubuhi ya siku zote nane huimbwa Zaburi ya 113 hadi ya 118, na husomwa kutoka Hesabu sura ya 7 habari za wakuu wa makabila walioleta matoleo madhabahu ilipotabarukiwa jangwani, mkuu mmoja kila siku na sahani yake ya fedha na bakuli lake. Jioni taa huwashwa sinagogini upande wa kusini, kwa kuwa kinara cha Hekaluni kilisimama upande huo. Ila sheria yao inasema jambo ambalo ningependa lisikike hata makanisani kwetu: taa ya sinagogi haimtoshelezi mtu. Aliyewasha pale mbele ya watu wote, akasema baraka, na kila mtu akaitikia Amina, bado anadaiwa. Aende nyumbani kwake awashe tena, kati ya watu wake.

Je, nani awashe? Talmudi inajibu kwamba mwanamke pia lazima awashe, kwa sababu wanawake nao walikuwamo katika muujiza ule. Katika nyumba nyingi baba huwasha kwa niaba ya wote. Kwingine kila mmoja ana kinara chake, hata mtoto mdogo. Lakini wajibu ni wa wote. Tena kuna desturi ya zamani kwamba muda taa zinapowaka, angalau nusu saa, wanawake hawafanyi kazi. Hawafui, hawashoni, hawafagii. Hanuka si siku ya mapumziko kwa ujumla, watu huenda kazini na maduka hufunguliwa kama kawaida, lakini nusu saa hiyo ni ya mama, kwa heshima ya wanawake wa nyakati zile za mateso. Ndugu zangu, nimewapima akina mama wengi shinikizo la damu, nimeandika dawa zao kwenye kadi, na ninawaambia kwa dhati kwamba ningekuwa na uwezo ningeandika hii nayo: kukaa chini nusu saa, kila jioni, siku nane. Hata mwanga wenyewe hauruhusiwi kutumika. Huwezi kuhesabia fedha kwa taa za Hanuka wala kuchambulia mchele. Ni za kutazamwa tu.

Kwa sababu hiyo kinara cha Hanuka kina nafasi tisa, siyo nane. Ya tisa huinuliwa juu kidogo au huwekwa kando, nayo huitwa shamashi, maana yake mtumishi. Hiyo huwashwa kwanza, nayo huwasha nyingine zote, na mwanga wake ndio ulio halali kutumika kama kuna ulazima. Jina hilohilo la shamashi hupewa mtumishi wa sinagogi, yule anayefungua milango mapema, anayepanga vitabu, anayejua nani mgonjwa. Kila kanisa lina mtu wa namna hiyo. Mara nyingi ni mama, na mara nyingi jina lake halimo kwenye ratiba ya ibada.

Zamani shule mbili za marabi zilibishana juu ya namna ya kuwasha. Shule ya Shamai ilisema: siku ya kwanza washa nane, ya pili saba, ukipunguza hadi moja, kama siku zinavyobaki. Shule ya Hileli ikasema: anza na moja, ongeza moja kila siku, kwa sababu katika mambo matakatifu mtu hupanda, hashuki. Hileli akafuatwa, na ndivyo wanavyofanya wote hadi leo. Sisi wauguzi tunaelewa hoja hiyo bila kuelezwa sana. Mtoto aliyedhoofika kwa utapiamlo hapewi sahani nzima siku ya kwanza, inaweza kumwua. Hupewa maziwa kidogo kwa kikombe, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, kesho kidogo zaidi, na mama anayetazama ile mililita chache huona kama tunamdharau mwanawe. Siku ya kwanza ya Hanuka nyumba ina mwali mmoja tu, na mtumishi wake. Mpita njia anaweza asiuone.

Kuna na swali ambalo watoto wao hupenda kuulizwa, na wazee wao wameliandikia majibu mengi tangu Rabi Yosefu Karo alipoliuliza katika karne ya 16. Ikiwa mafuta yalitosha siku moja, basi siku ya kwanza taa iliwaka kwa kawaida, muujiza ulikuwa wa siku saba. Mbona siku nane? Wapo wanaojibu kwamba siku ya kwanza ni ya kushukuru ushindi. Wapo wanaosema mafuta yaligawanywa mafungu nane, na kila fungu dogo likawaka usiku mzima. Jibu lililonigusa mimi ni la wale wanaosema kwamba muujiza wa siku ya kwanza ni kwamba waliwasha. Walijua hayatoshi. Kupata mafuta mapya safi kungechukua siku nane, na mtu mwenye akili zake angeweza kusema tungoje mpaka yapatikane, tusianze jambo tusiloweza kulimaliza. Mama aliyewahi kumpeleka mtoto shule muhula wa kwanza bila kujua ada ya muhula wa pili itatoka wapi hahitaji rabi wa kumfafanulia.

Vyakula vyao ni vya kukaangwa kwa mafuta, ili kuyakumbuka yale ya Hekaluni. Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya mashariki hukaanga chapati ndogo za viazi mviringo vilivyokunwa, na Israeli huuzwa maandazi ya mviringo yaliyotiwa jamu ndani. Watoto huchezesha pia yenye pande nne, kila upande una herufi ya Kiebrania, na herufi hizo hufupisha maneno yasemayo kwamba muujiza mkubwa ulitokea kule. Israeli hubadilisha herufi moja ili isomeke “hapa”. Zawadi nyingi mnazoziona kwenye filamu ni jambo la karibuni zaidi, hasa Marekani, ambako watoto wa Kiyahudi waliwaona jirani zao wakifungua za Krismasi. Kwa siri ya akina mama, nadhani tunawaelewa wenzetu waliosukumwa mpaka hapo.

Kinara hakiwekwi popote. Sharti ni kuutangaza muujiza, kwa hiyo huwekwa mlangoni au dirishani, wapita njia waone. Ila marabi waliongeza kifungu kimoja: wakati wa hatari, mtu aiweke juu ya meza yake ndani, inatosha. Kifungu hicho kimetumika sana. Hata jirani zetu wa Uganda, Wayahudi wa Abayudaya wa karibu na Mbale, ambao jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, walipata kujua maana ya kusali ndani kwa siri, Idi Amin alipokataza ibada yao. Na Desemba ya mwaka 1931, katika mji wa Kiel nchini Ujerumani, Rachel Posner, mke wa rabi wa mji, aliweka kinara dirishani na kukipiga picha. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya kinara, inaonekana bendera ya Wanazi ikining'inia kwenye jengo lao. Nyuma ya picha aliandika mistari michache ya kuijibu bendera ile. Mwaka 1933 familia hiyo iliondoka Ujerumani na kinara chao. Desemba 2022 kinara hichohicho kilirudishwa kwa muda Ujerumani, kikawashwa mbele ya rais wa nchi hiyo.

Lakini habari niliyoisimulia kwenye kikundi, na iliyowafanya akina mama wanyamaze, ni ya Billings, mji wa watu wapatao 80,000 wakati ule katika jimbo la Montana, Marekani. Wayahudi wa pale walikuwa familia chache zenye sinagogi moja dogo. Mwaka 1993 makundi ya chuki yalianza kuwasumbua watu. Mawe ya makaburi ya Wayahudi yaliangushwa. Vijana walionyoa vichwa waliingia katika ibada ya kanisa la Wamethodisti weusi, wakasimama nyuma kuwatisha. Nyumba ya mama mmoja wa kabila la wenyeji asilia wa Marekani ilichafuliwa kwa rangi na maneno ya matusi, na mafundi rangi wa mji wakajitolea kuipaka upya.

Usiku wa tarehe 2 Desemba, jiwe zito lilirushwa dirishani mwa chumba cha mtoto wa Kiyahudi wa miaka 5, kwa sababu dirisha lilikuwa na pambo la Hanuka. Mtoto hakuumia. Mama yake alishauriwa na askari aliyekuja kuyaondoa mapambo. Mama akauliza, nimweleze nini mwanangu?

Hapo ndipo ninapoona ugumu wa kile kifungu cha marabi. Sheria ilimruhusu mama yule kuweka taa mezani. Hakuna ambaye angemlaumu, na mimi mwenye kuwajua akina mama sithubutu kusema kwamba mama anayeficha taa ili mwanawe alale salama ana imani ndogo kuliko yule anayeiacha dirishani. Swali lake lilikuwa juu ya mtoto atakayeondoka na funzo kwamba alivyo ni jambo la kufichwa.

Gazeti la mji liliandika habari hiyo. Mama mmoja Mkristo aliisoma, akajiuliza ingekuwaje kama watoto wake wangeambiwa waondoe mti wa Krismasi dirishani kwa usalama wao, akampigia simu mchungaji wake. Watoto wa Shule ya Jumapili wakachora vinara vya karatasi, vikabandikwa kwenye madirisha ya nyumba zao. Makanisa mengine yakafuata. Siku chache baadaye gazeti likachapisha picha ya kinara ukurasa mzima, watu wakikate na kukibandika. Wakorofi hawakukoma mara moja. Nyumba na makanisa yaliyobandika vinara yalivunjiwa vioo, na watu wakapigiwa simu za vitisho usiku. Basi waliobandika wakaongezeka. Mwisho wa sikukuu maelfu ya nyumba, karibu zote za Wakristo, zilikuwa na kinara dirishani, na mtu aliyetaka kujua nyumba ipi ni ya Wayahudi asingeweza kuitambua kwa dirisha.

Nimalizie na sheria moja ndogo, kwa kuwa mama mmoja alinisihi niiandike ili amsomee mumewe. Talmudi inauliza: mtu maskini ana fedha za taa moja tu, na leo ni Ijumaa jioni, ndani ya Hanuka. Anunue mafuta ya taa ya Hanuka, au ya taa ya Sabato inayoangaza meza ya chakula? Mkumbuke kwamba taa ya Hanuka ni kubwa hata Maimonide, mwalimu wa karne ya 12 aliyekuwa pia tabibu kule Misri, aliandika kwamba asiye na kitu na aombe, au auze nguo yake, apate mafuta ya kuiwasha. Hata hivyo jibu ni taa ya meza. Sababu waliyoitoa ni amani ya nyumba, kwa kuwa watu wanaokula gizani hujikwaa na kukasirikiana. Maimonide aliiweka sheria hiyo mwisho kabisa wa maelezo yake yote juu ya Hanuka.

Mwenye uwezo wa zote mbili huwasha za Hanuka kwanza jua lingali juu, kwa sababu Sabato ikishaingia moto hauwashwi tena. Hutia mafuta mengi kuliko siku nyingine, ili zidumu mpaka giza liingie. Kisha mama huwasha za Sabato, hufunika macho kwa viganja, na kusema baraka yake.